Walowezi ni nani hasa? Wayahudi wa mwanzo Palestina na ugomvi wa neno "ukoloni"

Ukisikiliza taarifa za habari za Kiswahili kuhusu Mashariki ya Kati, kuna neno moja halikosi: walowezi. Walowezi wameshambulia kijiji, serikali imeidhinisha nyumba mpya za walowezi. Msikilizaji wa Nakuru au Kitale akilisikia, picha inayomjia ni ya setla: kofia pana, bunduki begani, hati yenye muhuri wa Gavana, na maelfu ya ekari alizokuwa akichungia babu yake. Jirani yake aliyekua na Biblia mkononi anaruka juu: mtu atakuwaje mlowezi katika nchi aliyoahidiwa Ibrahimu? Hapo mazungumzo yanavunjika. Mmoja anasema ukoloni, mwingine anasema kurudi nyumbani, na wote wawili wanaizungumzia karne moja na nusu kana kwamba ni siku moja.

Basi tuigawanye. Walowezi wa habari za leo ni wale waliohamia Ukingo wa Magharibi baada ya Israeli kuuteka katika vita vya 1967. Hao walifuata jeshi la dola iliyokwishakuwepo, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni Julai 2024 kwamba kuendelea kwa ukaliaji ule ni kinyume cha sheria. Kesi hiyo ina mambo yake. Hapa nataka turudi nyuma zaidi, kati ya 1882 na miaka ya 1920, wakati hakukuwa na dola ya Israeli, na bendera iliyopepea Yerusalemu kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho ilikuwa ya Sultani wa Uturuki. Kule ndiko linakoanzia swali gumu: watu wale walikuwa wakoloni, wakimbizi, au nini?

Tuanze na maneno yenyewe, maana nusu ya ugomvi imo humo.

Kulowea, kwa Kiswahili cha wazee, ni kuhama kwenu ukakaa kwingine mpaka ukazoea na kuwa wa huko. Mtu wa Pemba anaweza kulowea Tanga kwa biashara au kwa ndoa, na hakuna aliyedhulumiwa. Ukoloni ni kitu kingine: watu wa nje wanashika mamlaka juu ya wenyeji, wanaamua nani apate ardhi, nani alipe kodi, nani atawale. Na ukoloni wenyewe si wa aina moja. Upo ule wa kunyonya, ambapo wageni wachache wanakuja kutoa mali na wanaihitaji mikono ya wenyeji. Kongo ya mfalme Leopold na mpira wake ni mfano unaotisha kuliko yote. Upo pia ukoloni wa walowezi, ambapo wageni wanakuja kukaa moja kwa moja, na wanachokitaka ni ardhi kuliko mikono. Australia ndiyo mfano wake. Kenya ilikuwa chotara. Masetla walitaka ardhi ya Nyanda za Juu, lakini pia walitaka mtu wa kuilima, ndiyo maana ikaja kodi ya nyumba, kisha kipande shingoni. Shika hilo la mikono, tutalirudia.

Neno la tatu ni Uzayuni. Hilo ni vuguvugu la kisiasa lililozuka Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, likisema kwamba Wayahudi ni taifa, si wafuasi wa dini tu, na kwamba hawatakuwa salama mpaka wawe na nchi yao. Si kila Myahudi alikuwa Mzayuni. Wakati ule walio wengi hawakuwa. Baada ya Tsar Alexander II kuuawa Machi 1881, Wayahudi wa Urusi walivamiwa mji baada ya mji, wakabebeshwa lawama ya mambo yote. Katika miaka thelathini na kitu iliyofuata, zaidi ya milioni mbili waliihama Ulaya Mashariki, na wengi mno walipanda meli za kwenda Marekani. Waliogeukia Palestina walikuwa tone katika ndoo.

Hilo tone ndilo linalotuhusu.

Walikuta nini huko? Palestina ya 1880 haikuwa nchi yenye serikali yake. Ilikuwa sehemu ya Dola ya Uthmaniya, yaani himaya ya Sultani wa Uturuki. Yerusalemu na eneo lake iliwajibika moja kwa moja kwa Istanbul, na kaskazini, Nablus na Akka, baadaye zikawekwa chini ya Beirut. Wakazi walikuwa takriban nusu milioni, karibu wote Waarabu, Waislamu wengi na Wakristo wachache. Wayahudi walikuwa kama 25,000, na hawa hawakuwa wageni: walikaa Yerusalemu, Safed, Tiberia na Hebron kwa vizazi, wakisoma Torati, wengi wakiishi kwa sadaka zilizochangwa na Wayahudi wa nchi za nje. Kwa hiyo anayesema hapakuwa na Myahudi hata mmoja kabla ya Waingereza anakosea. Na anayesema nchi ilikuwa tupu anakosea zaidi.

Ule msemo maarufu wa nchi isiyo na watu kwa watu wasio na nchi ulianza kuzungushwa na Wakristo wa Uingereza na Uskoti kabla Wazayuni hawajaudaka. Mmoja wa watu wa kwanza kuukanusha kwa nguvu alikuwa Mzayuni mwenyewe. Ahad Ha'am, mwandishi wa Kiebrania kutoka Urusi, alizuru Palestina mwaka 1891 akarudi na onyo: huko Ulaya tumezoea kuamini kwamba nchi ile ni jangwa, kumbe ni vigumu kupata shamba lisilopandwa, labda vilima vya mchanga na milima ya mawe. Aliwakaripia pia walowezi wenzake kwa jinsi walivyowatendea Waarabu kwa ukatili. Hayo aliyaandika miaka tisa tu baada ya vijiji vya kwanza kuanzishwa, kwa hiyo utetezi wa kwamba hakuna aliyejua hausimami.

Vijiji vyenyewe vilianza kwa taabu. Petah Tikva ilijaribiwa mwaka 1878 na Wayahudi wa Yerusalemu. Rishon LeZion, Rosh Pinna na Zikhron Ya'akov zilianzishwa 1882 na watu kutoka Urusi na Romania, wengi wao hawajawahi kushika jembe. Waliugua malaria, visima vikakauka, fedha zikaisha. Aliyewaokoa ni Baroni Edmond de Rothschild, tajiri wa benki wa Paris. Lakini mwenye fedha ndiye mwenye usemi. Baroni alileta wasimamizi na wataalamu wa kilimo wa Kifaransa, na mfano waliokuwa nao kichwani ulikuwa Algeria: mashamba ya mizabibu, pipa za mvinyo, meneja juu, kibarua chini. Kibarua huyo mara nyingi alikuwa Mwarabu wa kijiji cha jirani, kwa sababu alijua kazi na ujira wake ulikuwa mdogo.

Vijiji hivyo wenyewe waliviita makoloni. Benki iliyoanzishwa na Wazayuni London mwaka 1899 iliitwa kwa Kiingereza Amana ya Kikoloni ya Wayahudi, hawakuona haya. Wapo wanaolishika jina hilo na kusema kesi imekwisha, mshtakiwa amekiri. Mimi nadhani ushahidi huu una uzito lakini hautoshi. Neno koloni wakati ule lilibeba maana mbili: utawala wa ng'ambo, na pia kijiji cha wakulima waliohamia mahali. Baroni Maurice de Hirsch aliwapeleka maelfu ya Wayahudi Argentina, nao pia makazi yao yaliitwa makoloni, ilhali hakuna aliyekusudia kuitawala Argentina. Jina lisitutoshe. Tuangalie ardhi ilipatikanaje.

Wengi hudhani ama iliporwa kwa bunduki tangu siku ya kwanza, ama ilinunuliwa halali na hapana neno la kusema. Ukweli ni kwamba kabla ya 1948, mwaka Israeli ilipoundwa, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilinunuliwa, kwa fedha, kwa hati, mbele ya karani. Tatizo ni nani aliyeuza.

Msomaji wa Kilifi au Malindi atalielewa jambo hili kabla sijamaliza sentensi. Mwaka 1908 Mwingereza alitunga sheria ya hati za ardhi Pwani ya Kenya: anayedai shamba ajitokeze aandikishwe. Waliojua ofisi walijitokeza. Waliokuwa wakilima tangu zama za mababu, bila karatasi, walijikuta wameitwa maskwota juu ya makaburi ya wazee wao. Mwenye shamba yuko mbali, hajulikani hata sura, lakini jina lake ndilo lililo kwenye karatasi.

Palestina ilipitia jambo linalofanana na hilo, nusu karne mapema. Sheria ya Ardhi ya Dola ya Uthmaniya ya 1858 ilitaka kila ardhi iwe na jina la mtu daftarini. Wakulima wengi waliishi kwa mfumo wa ardhi ya kijiji, ambapo mashamba yaligawanywa upya kila baada ya muda ili asiwepo anayepata mawe tupu maisha yake yote. Kwao daftari la serikali lilimaanisha mambo mawili, kodi na jeshi. Wakaogopa kuandikisha. Wengine walimwachia mkubwa wa mji aandikishe kwa jina lake, na maeneo mengine serikali iliyauza kwa matajiri. Ndivyo familia ya Sursock, wafanyabiashara Wakristo wa Beirut, ilivyokuja kumiliki sehemu kubwa ya bonde lenye rutuba la Marj Ibn Amir, kaskazini. Wanakijiji waliendelea kulima kama kawaida, wakitoa fungu la mavuno kwa mwenye hati. Mwenye hati akibadilika, wao walibaki palepale. Ndivyo walivyozoea.

Mnunuzi mpya alivunja desturi hiyo. Alitaka ardhi bila watu wake.

Kesi iliyopiga kelele kuliko zote ni ya al-Fula, karibu na Nazareti. Mwaka 1910 Elias Sursock aliuza huko kama ekari 2,000 kwa Wazayuni. Shukri al-Asali, mkuu wa wilaya ya Nazareti, alikataa kusaini uhamisho. Aliandika magazetini akitumia jina la Salahuddin al-Ayyubi, sultani aliyewashinda wapiganaji wa Msalaba, kwa kuwa ndani ya shamba hilo palikuwa na magofu ya ngome ya zama za Vita vya Msalaba. Wakubwa zake Beirut walimpuuza, mauzo yakapita, wakulima wakaondolewa, na kijiji cha Merhavia kikaanza 1911. Al-Asali alichaguliwa mbunge, akalipeleka suala hilo bungeni Istanbul. Mwaka 1916 Waturuki walimnyonga Damascus kwa kosa jingine, la kudai haki za Waarabu. Mtu huyu ananivutia kwa sababu anavunja masimulizi ya pande zote mbili: hakuwa adui wa Dola, alikuwa mtumishi wake, na Dola ile, ambayo kwenye karatasi ilizuia Wayahudi wa Urusi kuhamia tangu 1882, ndiyo iliyomwangusha.

Kwa nini ilizuia kisha ikaachia? Rushwa ni sehemu ya jibu, lakini si yote. Wahamiaji wengi walibaki na pasipoti za Urusi, Austria au Ufaransa, na mikataba ya zamani iliwapa raia wa Ulaya kinga ndani ya Uturuki. Ukimgusa, balozi mdogo anapiga hodi. Wakubwa wa Yerusalemu walipeleka telegramu Istanbul Juni 1891 wakiomba uhamiaji na uuzaji ardhi usimamishwe. Kwa hiyo hata pale ambapo hakuna dola ya Ulaya iliyowatuma walowezi hawa, kivuli cha Ulaya kiliwafuata. Hapa ndipo hoja ya kwamba hawakuwa na himaya nyuma yao inapochechemea kidogo, japo haianguki: Urusi iliyowapa pasipoti ndiyo hiyo hiyo iliyowavunjia maduka na kuwaua.

Sasa turudi kwenye mikono. Kati ya 1904 na 1914 lilikuja wimbi la pili, watu kama 35,000, na miongoni mwao vijana wa siasa za kijamaa. Walipoomba kazi katika mashamba ya mizabibu waliambiwa Mwarabu anafanya vizuri zaidi na kwa bei ndogo. Wakaudhika. Wakaanzisha kampeni waliyoiita kuiteka kazi: shamba la Myahudi lilimwe na Myahudi. Wao waliiona ni adili. Hawakutaka kuwa mabwanyenye wanaoishi kwa jasho la mwenyeji, kama walivyokuwa Wafaransa wa Algeria. Walitaka kushika jembe wenyewe, wale pamoja, wasimiliki kitu binafsi. Kutoka humo ilizaliwa kibutzi (kijiji cha ujamaa) ya kwanza, Degania, mwaka 1910 kando ya Ziwa la Galilaya.

Upande wa pili wa adili hiyo ni kwamba Mwarabu hakunyonywa, aliachwa nje. Setla wa Kenya alimhitaji Mkikuyu au Mkalenjin hata akimdharau, kwa hiyo mkulima aliyenyang'anywa alibaki pembeni mwa shamba lake mwenyewe kama kibarua, na kutoka pembeni hapo akajenga nguvu ya kugoma na hatimaye kupigana. Mkulima wa al-Fula hakupewa hata pembe hiyo. Mfuko wa Taifa wa Wayahudi, ulioundwa 1901 kununua ardhi, ulikuwa na kanuni kwamba ardhi yake ikishanunuliwa haiuzwi tena, inakodishwa tu, na kwa Wayahudi. Wanaosema huu ulikuwa ukoloni wa walowezi, kwa maana ile ya Australia, hapa ndipo wanapoweka mguu. Nami nikipima naona hii ndiyo hoja yao nzito kuliko zote, nzito kuliko jina la benki au barua aliyoiandika Theodor Herzl mwaka 1902 akitaka msaada wa Cecil Rhodes.

Huyu Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna, ndiye aliyegeuza vuguvugu la vijiji kuwa siasa za kimataifa alipoitisha Kongamano la Wazayuni Basel, Uswisi, 1897. Alitaka mkataba kutoka kwa mkubwa fulani. Alimwendea Sultani Abdulhamid II, akaonana naye Mei 1901 na kumdokeza kwamba madeni ya Uturuki yangeweza kupunguzwa. Sultani hakumpa alichotaka. Ndipo Herzl akabisha hodi London, na London ikamwonyesha nyumbani kwetu.

Kisa cha Uganda wengi wamekisikia nusu. "Wayahudi walitaka kupewa Uganda," husema watu. Kwanza, hawakuitaka wao, walipewa wazo na Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni, ambaye alisafiri kwa reli mpya ya kutoka Mombasa mwishoni mwa 1902 akaona nyanda ambazo kwa macho yake zilikuwa zikingoja wazungu. Pili, eneo lenyewe halikuwa Uganda ya leo. Lilikuwa nyanda za Uasin Gishu, Kenya, maili za mraba kama 5,000. Jina la Uganda liliganda kwa sababu sehemu ile ilikuwa imekatwa kutoka himaya ya Uganda mwaka 1902 tu. Barua rasmi ya Waingereza ilitoka Agosti 1903. Miezi michache nyuma, katika mji wa Kishinev, Wayahudi 49 walikuwa wameuawa katika siku mbili. Herzl alikuwa na haraka.

Kongamano la Basel la 1903 lilipasuka. Kura 295 zilikubali kupeleka tume ya uchunguzi, 178 zikakataa, na wajumbe wa Urusi wakatoka nje wakilia, wakiwemo waliotoka Kishinev kwenyewe. Max Nordau, aliyelitetea pendekezo kama malazi ya usiku mmoja tu, alifyatuliwa risasi Paris Desemba ile na kijana aliyepiga kelele kwamba afe Nordau wa Afrika Mashariki. Hakufa. Masetla wa Kenya nao, akina Lord Delamere, walipeleka telegramu London kwa hasira: hawakutaka Wayahudi maskini kwenye ardhi waliyojitengea. Tume ya watu watatu ilifika mapema 1905, ikazunguka nyanda zile wiki chache, ikarudi na ripoti isiyotia moyo. Kongamano lililofuata, 1905, lilifunga mlango. Nyanda zikapewa Makaburu waliofika kwa magari ya ng'ombe mwaka 1908, na mji wao ukaanza kwenye shamba namba 64. Wenyeji wa Eldoret mpaka leo wanauita Sisibo.

Katika hekaheka zote hizo, kuna aliyewauliza Wanandi? Walikuwa vitani na Mwingereza kwa miaka kumi wakiipinga reli hiyo hiyo. Oktoba 1905, miezi mitatu baada ya Wazayuni kuikataa Uasin Gishu, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipigwa risasi alipokwenda kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen. Afisa huyo baadaye alikuwa mkuu wa masuala ya siasa wa jeshi la Uingereza Palestina, na mmoja wa watetezi wakali wa Uzayuni.

Kisa cha Uasin Gishu kinafaa kama kipimo. Kama mpango ungefaulu, pasingekuwa na mjadala wowote leo: hati ya Mfalme, ardhi ya wengine, wageni wasio na uhusiano wowote na mahali. Ukoloni mtupu. Na hapo ndipo unapouona uzito wa hoja ya wanaokataa neno hilo kwa Palestina. Wajumbe wale waliokuwa wakilia Basel walikataa ardhi ya bure yenye ulinzi wa himaya kubwa kuliko zote duniani, kwa sababu haikuwa Sayuni. Mkoloni wa kawaida hachagui hivyo, anakwenda penye faida. Watu ambao katika karamu ya Pasaka waliambizana kila mwaka "mwaka ujao Yerusalemu" walikuwa na kitu ambacho setla wa Naivasha hakuwa nacho, na anayekidharau kitu hicho hataelewa kwa nini hawakuondoka.

Lakini kuwa na mizizi hakuondoi swali. Tazama Liberia. Kuanzia miaka ya 1820, watu weusi huru kutoka Marekani, wengine wametoka utumwani, walirejeshwa Afrika Magharibi. Walikuwa watoto wa bara hili, walikimbia dhuluma, hakuna atakayewaita Wazungu. Mwaka 1847 walitangaza jamhuri, na kizazi chao kikawatawala wenyeji mpaka mapinduzi ya 1980, kwa miaka mingi kikiwanyima kura na kuwafanyisha kazi za lazima. Walikuwa wanarudi, na walikuwa wanatawala. Mtu anaweza kuwa mkimbizi mlangoni na mtawala sebuleni. Ndiyo sababu siridhiki na yule anayesema mhanga hawezi kuwa mkoloni, wala na yule anayesema mkoloni hakuwa mhanga.

Kilichobadilisha mizani ni 1917. Mpaka hapo makazi ya Wayahudi yalikuwa yakienda kwa kuombaomba hati na kuhonga makarani. Mwanzoni mwa Vita Kuu Wayahudi Palestina hawakuvuka moja ya nane ya wakazi. Tarehe 2 Novemba 1917 Arthur Balfour, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliandika barua fupi kuahidi "makao ya kitaifa" kwa Wayahudi. Waarabu, ambao walikuwa karibu tisa kati ya kila watu kumi, barua haikuwataja kwa jina. Iliwaita jamii zisizo za Kiyahudi, ikaahidi haki zao za kiraia na za dini, ikanyamaza kuhusu haki za kisiasa. Balfour huyu ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wakati wa pendekezo la Uasin Gishu, na serikali yake ndiyo iliyotunga sheria ya 1905 kuwapunguza Wayahudi waliokimbilia Uingereza. Waziri Mkuu wa 1917, David Lloyd George, ndiye ambaye ofisi yake ya uwakili iliandaa rasimu ya mkataba wa Uasin Gishu mwaka 1903. Mikono ileile, ramani nyingine.

Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa liliidhinisha Uingereza kuiongoza Palestina kwa niaba ya dunia, kama ilivyokabidhiwa Tanganyika mwaka huohuo. Ila kwa Tanganyika hapakuandikwa kwamba kuna watu wengine wanapaswa kuletwa wajenge makao yao ya kitaifa humo. Kwa Palestina iliandikwa. Tangu hapo huwezi tena kusema hakukuwa na himaya: polisi, forodha, idara ya uhamiaji na mahakama ya ardhi vilikuwa vya Mwingereza. Familia ya Sursock iliuza sehemu kubwa ya bonde iliyobaki miaka hiyo ya 1920, na vijiji vizima vya wapangaji vikahamishwa kwa fidia ndogo. Vladimir Jabotinsky, Mzayuni wa mrengo wa kulia, aliandika wazi mwaka 1923 kwamba hakuna wenyeji popote duniani waliokubali kwa hiari nchi yao iwe ya wengine, kwa hiyo kazi lazima iendelee nyuma ya ukuta wa nguvu. Nampendea jambo moja tu: hakujidanganya.

Waliojisumbua zaidi ni wale waliokaa karibu na wakulima. Yitzhak Epstein, mwalimu katika Rosh Pinna, aliandika mwaka 1907 kwamba kilio cha wanawake wa Kiarabu siku familia zao zilipohama Ja'una, palipojengwa Rosh Pinna, kwenda Hauran, mashariki ya Yordani, kilikuwa bado masikioni mwake. Wanaume wamepanda punda, wanawake nyuma wanalia, bonde zima likaomboleza. Ardhi ilikuwa imelipiwa, alisema, na sheria ilikuwa upande wetu. Aliuliza tu kama sheria inatosha. Wenzake wengi walimwona mlegevu.

Na kabla yake alikuwapo mzee mmoja wa Yerusalemu aliyeyaona yote haya yakija. Yusuf Ziya al-Khalidi alikuwa amekuwa meya wa mji na mbunge wa Dola, mtu wa lugha nyingi na marafiki Wayahudi. Machi 1899 alimwandikia Zadok Kahn, rabi mkuu wa Ufaransa, ambaye aliipitisha barua kwa Herzl. Hakuanza kwa matusi. Nani awezaye kupinga haki za Wayahudi juu ya Palestina, aliandika, Mungu wangu, kihistoria ni nchi yenu. Kisha akaeleza kwamba historia ni jambo moja, na watu waliomo sasa ni jambo jingine, kwamba nchi ina wenyewe na haitachukuliwa bila nguvu. Akamalizia kwa kuomba, kwa jina la Mungu, Palestina iachwe kwa amani.

Herzl alijibu mwezi huohuo, kwa adabu. Alisema Waarabu watatajirika kwa fedha na maarifa yatakayoletwa, na nani angefikiria kuwafukuza? Sultani akikataa, aliongeza, tutatafuta kwingine na tutapata. Kuhusu nani angetawala, hakuandika neno.